Mjomba kaomba sauti, nimempelekea picha

Siku ya 1: Delhi

Juzi mjomba katolewa chumba cha upasuaji, jana kafumbua macho, na leo asubuhi kaanza kuisema vibaya chai ya wodini. Mkaza mjomba akanitupia jicho, akatabasamu. Mgonjwa wetu akishaisema chai, kapona. Daktari anasema hapandi ndege mpaka zipite siku kumi na kidonda kiangaliwe tena. Siku kumi hizo nilikuwa nimeshazipigia hesabu tangu Unguja, ila nikiona haya kuzitaja.

Nyumba yetu ni ya tarabu. Mjomba anapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na mimi kanitia fidla mkononi niko darasa la nne. Kwenye chumba chake cha mazoezi kuna kalenda ya duka moja la Kihindi la Darajani, imekwisha mwaka wake zamani sana, wala haiondolewi ukutani kwa sababu ya picha yake. Mwanamke kasimama msituni, kabeba ala ndefu yenye vibuyu viwili, na swala weusi wa pembe za kusokota wamemzunguka, wamenyoosha shingo, wanasikiliza. Kila mjomba akikaza nyuzi huitazama na kuuliza, "Huyu anapiga nini?" Hakuna aliyewahi kumjibu. Ukubwani nikaja kujua kwamba picha za namna hiyo huitwa ragamala, na kwamba yule bibi ana jina, Todi. Lakini jina halisikiki.

Nikamuaga, nizifuate picha hizo. "Nenda," kasema. "Ila picha nimeitazama miaka thelathini. Safari hii niletee sauti."

Kisha akarudia kilio chake cha usiku. Usiku wa hospitali, kwa hesabu yake, una saa ishirini. Huamka saa sita na hapo ndiyo basi, anaitazama dari mpaka kuche, na mji wote huu hauna hata jogoo wa kumwambia kumebaki kiasi gani.

Siku ya 2: Delhi

Makumbusho ya Taifa, barabara ya Janpath. Nimepita mbele ya yule binti wa shaba wa Mohenjo-daro bila kusimama hata dakika mbili, Mungu anisamehe, nikaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa picha ndogo.

Ndogo kweli. Ukurasa wa daftari la skuli, pengine pungufu. Nilizoea ile ya kalenda iliyokuzwa, kumbe mwenyewe unatakiwa uishike mkononi kama barua. Hazikuchorwa zitundikwe ukutani. Zilikaa ndani ya kitambaa, mfalme na wageni wake wakizipitisha mkono kwa mkono, mtu akiinamia akinong'ona na mwenziwe. Kwenye kioo cha makumbusho huwezi, pua inagonga.

Kwanza niliseme hili la raga, kwa sababu nalo lilinisumbua. Raga si wimbo. Kwa mtu wa tarabu, jambo lililo karibu nayo ni makamu: sauti zipi zitumike, zipandwe vipi na zishukwe vipi, ipi ikaliwe na ipi iguswe tu ikaachwa. Juu ya hapo raga ina saa yake. Iko ya alfajiri, iko ya asubuhi jua limepanda, iko ya usiku wa manane, na ziko za majira: Megh ni ya mvua, Vasant ni ya wakati wa maua. Wajuzi wa zamani wakazitazama raga hizi wakaona ni watu. Wakazipa sura na mavazi, kisha wakaziozesha. Raga kuu sita, wanaume, na kila mmoja wake watano waitwao ragini. Jumla 36, na ndiyo maana seti nyingi za jimbo la Rajasthan zina karatasi 36. Kule milimani kaskazini walifuata hesabu nyingine, ya kitabu cha Kshemakarna cha mwaka 1570, kilichompa kila raga na watoto wanane wa kiume. Sita na thelathini na arubaini na wanane, 84. Ukoo mzima, bado wakwe tu.

Mala ni koja la maua. Ragamala ni koja la raga.

Niliyokaa nayo zaidi ni picha ya raga Lalit, ya Mewar, ufalme wa Udaipur, mwaka 1628, mkono wa mchoraji Sahibdin. Lalit ni ya kabla ya jua kuchomoza. Mwanamke kalala kitandani, na mwanamume anatoka zake, mashada ya maua mkononi, lakini shingo kaigeuza nyuma. Miguu inakwenda, macho hayataki. Juu kabisa kuna ukanda wa manjano wenye maandishi ya Kihindi. Nikamwuliza mlinzi kama anaweza kunisomea. Akaweka mikono nyuma kama mtoto wa chuoni, akasoma, na katikati ya mstari wa pili sauti yake ikaanza kuyumba kwa mahadhi. Ni shairi. Hakuelewa nusu yake, Kihindi cha zamani kile, lakini mahadhi yalimjia yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba njia ya kutoka kwenye muziki kuja kwenye picha haikunyooka.

Siku ya 3: treni, Jaipur

Saa tano za treni, chai ya vikombe vya karatasi, na mzee wa kiti cha mbele aliyenihadithia kisa cha Bihari, mshairi wa Amber, mji mkuu kabla haujajengwa Jaipur. Inasimuliwa kwamba mfalme wake, Jai Singh, alioa binti mdogo akazama kwake, baraza halimwoni tena. Bihari akampelekea beti moja tu juu ya nyuki aliyefungika na ua ambalo halijafunguka bado, halina asali wala harufu: likija kufunguka itakuwaje? Mfalme akarudi barazani. Mzee akanitazama kuona kama nimeelewa. Bwana, mimi natoka Unguja, mafumbo ndiyo chakula chetu.

Jioni nimefanya upuuzi. Kwenye duka moja karibu na soko nimeuziwa picha ya mtumba wa karne tatu, ya zama za Wamoghul, wale wafalme Waislamu wa India, mfalme juu ya tembo, rupia 4,000 baada ya kupatana mpaka koo likakauka. Karatasi imekuwa kahawia, imeliwa pembeni na wadudu, na nyuma ina maandishi ya kale. Nimelala nayo chini ya mto.

Siku ya 4: Jaipur

Nimemwona fundi. Kajulishwa kwangu na mtu wa nyumba ya wageni. Chumba kimoja cha juu, dirisha moja, naye kakaa chini kakunja goti moja, ubao juu ya goti, karatasi juu ya ubao.

Nikamtolea tembo wangu kwa fahari. Hakuangalia tembo. Aligeuza karatasi, akanyoosha kidole kwenye maandishi ya nyuma, herufi za Kiarabu za lugha ya Kiurdu, akaniuliza kama naweza kusoma. Maneno sikuweza. Tarakimu naziweza, nimesoma chuo cha Kurani. Nikasoma kwa sauti: moja, tatu, nne, moja. Mwaka 1341 wa Hijria. Tukatazamana. Huo ni mwaka 1922 au 1923. Ukurasa wa daftari la hesabu za mtu, na tembo kachorwa juu yake pengine mwezi uliopita, rangi ukiikwaruza kwa ukucha inatoka unga. Fundi akacheka mpaka akaweka brashi chini. Mimi nilicheka baadaye kidogo.

Kisha akanionyesha kazi yenyewe. Karatasi za mkono hutengenezwa Sanganer, nje kidogo ya mji, na ukoo wa Waislamu wanaoitwa Kagzi, yaani watu wa karatasi. Hugandishwa karatasi kadhaa pamoja mpaka ziwe kama kadibodi nyembamba, wanaiita wasli, kisha husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Kuna mchoro wa kwanza kwa rangi nyekundu nyembamba, unafunikwa na chokaa nyeupe nyepesi, mchoro wa pili juu yake, na ndipo rangi. Kila tabaka likikauka karatasi hugeuzwa kifudifudi, ikasuguliwa mgongo kwa akiki, rangi ikazama ndani ya karatasi badala ya kukaa juu. Ndiyo maana ya kweli haitoki kwa ukucha.

Rangi zimo ndani ya makombe ya chaza, kila rangi kombe lake. Buluu ya nili. Nyekundu ya zingifuri. Nyeusi ni masizi ya taa. Manjano ya jiwe la sumu asilotaka niliguse. Akanyoosha mkono bila kunitazama akasema, "Gond." Nikampa kichupa cha gundi. Akakipokea, kisha akashtuka: nani kamfundisha huyu? Hakuna aliyenifundisha. Gundi ni gundi. Tukaanza mchezo: rang, rangi. Kalam, kalamu. Hata mitindo ya miji wanaiita kalamu: kalamu ya Bundi, kalamu ya Kangra, kila mji na mkono wake. Kalamu aliyokuwa nayo yeye ni ya manyoya ya mkia wa kindi, na ncha yake, nilipoinua kwenye mwanga, ni unywele mmoja umejikunja kidogo. Kwa unywele huo anachora kope. Hapumui akichora kope. Na mimi sikupumua.

Kwenye ubao palikuwa na picha ambayo haijakwisha. Mwanamume kakaa kitandani, pembeni yake mwanamke kalala, na yeye kavuta upinde wa maua, mshale kauelekeza juu, kwenye paa. Juu ya paa hapana kitu, ila mstari mwekundu mwembamba wa kitu chenye mkia.

"Anapiga nini?"

"Jogoo," kasema fundi. "Hii ni Vibhas. Raga ya majogoo. Jogoo akiwika usiku umekwisha, na huyu hataki usiku wake uishe."

Hakuubuni yeye. Alivuta kutoka chini ya godoro ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, mchoro ule ule umetobolewa vitundu kwa sindano kufuata mistari. Unaiweka juu ya karatasi mpya, unapigapiga kifuko cha unga wa makaa, mistari inahamia chini kwa nukta. Alirithi kwa baba yake, na baba kwa baba yake. Vibhas amekuwa akimlenga jogoo kwa vizazi, mshale haujatoka.

Nikainunua hapo hapo, mpya, bila wadudu wala karne tatu. Jogoo, kasema, humchora mwisho. Nirudi siku ya kumi.

Siku ya 5: njiani kwenda Bundi

Basi. Mvua. Tairi. Nimefika usiku nimelowa mpaka pasipoti.

Siku ya 6: Bundi

Mtu akitaka kuona siku moja tu katika siku zangu, achukue hii.

Bundi ni mji mdogo, nyumba za buluu zimejibanza chini ya mlima, na kasri limening'inia juu yake kama limekatwa kwenye mwamba huo huo. Ukipanda kuelekea ngome ya Taragarh unapewa fimbo ya kufukuzia nyani. Nilidhani ni utani wa watalii. Si utani.

Chitrashala iko upande wa juu, mlango wake peke yake. Ni ua wenye bustani, na kuuzunguka ni baraza za nguzo ambazo kuta zake, matao yake na dari yake yote vimechorwa. Kazi ya karne ya 18, enzi ya Umed Singh kwa sehemu kubwa. Rangi yake ya kwanza ni kijani, kijani kinachokaribia buluu, kama maji ya Pwani Mchangani saa nne asubuhi. Baada ya ule wekundu wa Mewar niliouona Delhi, macho yalipumzika kama yamepakwa mafuta.

Ile mvua ya jana ilikuwa bado inanyesha. Nikakaa kibarazani peke yangu na mtunzaji, ambaye alikuwa anakausha soksi. Kwenye ukuta Krishna, mungu wa Kihindu, anapembea, anapigiwa ngoma, anawaficha wasichana nguo zao mtini. Wachoraji wa Bundi wana mambo yao: wingu hawalipaki tu, wanalizungusha, zito, la nili, na radi ndani yake ni uzi wa dhahabu uliojipinda kama nyoka. Migomba, vidimbwi vya mayungiyungi, bata. Megh, raga ya mvua, ni yao kwa haki. Nje tausi akalia juu ya paa, ule mlio wake mbaya usiolingana na mavazi yake, na mtunzaji akaniambia bila kuinua kichwa kwamba tausi akilia hivyo mvua haijamaliza.

Ukitaka kujua ragamala ya Bundi ilianzia wapi, inabidi uondoke Bundi. Mkuu wake, Surjan Hada, alipojisalimisha kwa Akbar, mfalme wa Wamoghul, alipewa maeneo ya mbali huko Banaras na Chunar, kwenye mto Ganga. Na ni huko Chunar, mwaka 999 wa Hijria, ndiyo 1591, ilipochorwa seti ambayo wachoraji wake waliandika majina yao kwa Kifarsi: Shaykh Hasan, Shaykh Ali na Shaykh Hatim, wanafunzi wa Mir Sayyid Ali na Khwaja Abd al-Samad, wale mabwana wa Uajemi waliosimamia karakana ya Wamoghul. Michoro yao ikawa mama. Kwa karibu miaka mia mbili wachoraji wa Bundi na Kota waliirudia, swala pale pale, mti pale pale.

Nilikaa na majina yale matatu muda mrefu. Shekhe Hassan, Shekhe Ali, Shekhe Hatim. Ukiyaita msikitini kwetu Ijumaa watainuka watu kumi na tano. Walikaa wakachora ragini Bhairavi anapeleka maua kwa mungu Shiva, ragini Asavari anacheza na nyoka chini ya msandali, na wakatia sahihi bila kuona haya. Na wa Delhi juzi alikuwa Sahibdin. Sisemi jambo kubwa. Nasema nilikuwa sikulitarajia.

Kero moja. Kwenye kiuno cha mwanamke mmoja wa ukutani, mtu kachonga kwa msumari jina lake na la mpenzi wake ndani ya kopa. Mtunzaji akaona naangalia, akasema ni la zamani, kabla yake. Soksi zilikuwa hazijakauka.

Siku ya 7: Bundi hadi Udaipur

Treni imepita chini ya Chittorgarh jioni, ngome ndefu juu ya mlima kama meli. Ngome hiyo ilianguka kwa Akbar mwaka 1568. Nimempigia mjomba simu. Kapigwa sindano mkono wa kanuni, kwa hiyo kanuna. Kauliza, "Sauti umepata?" Nikamwambia nimepata tausi.

Siku ya 8: Udaipur

Mwenye nyumba ya wageni kanipeleka kwa jirani yake, mwalimu wa sitar, ala ya nyuzi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimeosha uso tu. Mwalimu alikuwa keshakaa. Akaanza polepole, bila ngoma, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Sauti ya pili kaishusha sana, ya tatu kaiinua, ya sita kaishusha. Nywele za mkono zikanisimama.

"Hijazkari," nikasema.

"Bhairav," akasema yeye, bila kusimama.

Ngazi ile ile! Kwetu tunaiimbia mapenzi usiku wa harusi, kwao ni Shiva alfajiri, kajipaka majivu. Nikarekodi kwa simu dakika ishirini. Kisha nikamwomba Todi. Akaniambia nirudi saa tatu, Todi haijafika saa yake. Hakutania. Nikaenda kunywa chai nikarudi saa tatu.

Todi yake ilinielemea. Ina huzuni isiyotaka kuonewa huruma. Alipomaliza nikamwonyesha kwenye simu picha ya kalenda ya mjomba, yule bibi na swala. Nikamwuliza swali nililotoka nalo Unguja: ukipiga, unawaona swala?

Akaniangalia kwa upole. "Swala ni wa washairi," kasema.

Akanieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Sauti ilikuwa ya kwanza. Wakaja watunzi wakaitungia kila raga beti za kuielezea, raga ikapata umbo: huyu ni mwanamke, mrembo, anapiga vina, ile ala ya vibuyu viwili, na swala wameacha kula wakamfuata. Mchoraji alipokea beti. Wengine wao, kasema, wala hawakujua muziki, walijua beti na ngozi ya vitundu. Wanamuziki nao wakaendelea na safari yao, raga zikabadilika, nyingine katika zile 36 hakuna anayezipiga tena, na ule ukoo wa mume na wake wameuacha. Siku hizi husomeshwa kwa mafungu kumi aliyoyapanga mtaalamu Bhatkhande. Todi ya picha na Todi ya leo wana jina moja, lakini hawajaonana miaka mingi.

Kusema kweli nilinuna kidogo, nusu saa hivi.

Mchana nikaenda kwenye kasri la mji, juu ya ziwa Pichola, ambako leo ni makumbusho. Watu wengi, ngazi nyembamba, mtoto kanikanyaga mara tatu. Lakini kichwani yale maneno ya mwalimu yalikuwa yanafanya kazi. Kwa nini Sahibdin, mwaka mmoja baada ya ragamala yake, alichora Gita Govinda, shairi la Jayadeva la karne ya 12 juu ya Krishna na mpenzi wake Radha, tena kwa mkono ule ule? Kwa nini Rasikapriya, kitabu cha beti cha Keshavdas wa Orchha kinachopanga wapenzi kwa aina zao (huyu anangoja, huyu kakasirika, huyu anatoka usiku wa mvua kumfuata), kilikamilika 1591, mwaka ule ule wa Chunar, na wachoraji wakakichora tena na tena? Ni jambo moja. Ukiziondolea ragini majina yao, nusu yake ni mwanamke anayengoja. Kakubha anangoja msituni na tausi. Dhanashri, ili siku zipite, anachora picha ya anayemngoja. Hata sisi tarabu ingekuwa imekwisha zamani kama wanaongojwa wangefika.

Kwa hiyo bibi wa kalenda hakuwa anapiga kitu cha kusikika. Kama ana sauti, ni ile ya kanuni ya mjomba ikiwa bado inakazwa nyuzi, kabla ya kuanza.

Siku ya 9: Chawand

Kila mtu kaniambia hakuna cha kuona Chawand, na walisema kweli. Basi la saa mbili kusini ya Udaipur, kisha mguu. Kilima, mawe ya misingi ya nyumba, mbuzi. Hapa ndipo Rana Pratap, mfalme wa Mewar, alipoweka makao yake baada ya miaka ya kukimbizana na majeshi ya Akbar, akafia hapa mwaka 1597. Mwanawe Amar Singh akaendelea na vita mpaka 1615.

Na katikati ya vita hiyo, 1605, mchoraji aitwaye Nasiruddin akamaliza hapa seti ya ragamala. Karatasi zake leo zimetawanyika duniani. Nimeziona vitabuni tu: nyekundu kavu, manjano, watu wachache, hakuna kujipamba, kama mtu anayeandika kwa haraka lakini hataki kuruka neno. Mfalme hana mji, askari wanalala msituni, adui ni dola ya Kiislamu, na Mwislamu kakaa kwenye kilima hiki anamchorea mfalme huyo wa Kihindu wanawake wanaongoja.

Nikakaa juu ya jiwe nikala chapati na pilipili. Mbuzi mmoja akaja karibu, akasimama, akanyoosha shingo kama swala wa Todi. Alikuwa anataka chapati.

Siku ya 10: treni, Jaipur

Asubuhi nimepanda treni ya Jaipur kwa njia ya Ajmer. Baada ya Ajmer tukapita Kishangarh, dakika mbili za stesheni. Nilibandika uso dirishani kwa heshima ya Sawant Singh, mfalme wa hapo aliyetunga mashairi kwa jina la Nagaridas, akampenda mwimbaji wa nyumbani kwake aitwaye Bani Thani, akaacha kiti mwaka 1757 wakaenda kuishi Vrindavan, mji wa Krishna. Mchoraji wake, Nihal Chand, kaacha ile sura ya Radha yenye jicho refu lililojikunja kama jani la mwembe, na wengi husema ni Bani Thani mwenyewe. Mwaka 1973 posta ya India iliitia kwenye stempu. Nilichokiona mimi dirishani ni malori ya marumaru.

Jioni kwa fundi. Jogoo yupo. Mdogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho, mkia wa manyoya saba, nimeyahesabu, kila moja na rangi yake, na mdomo umefunguka. Upanga wa kichwani ni tone moja la zingifuri. Jicho ni nukta, na ndani ya nukta kuna nukta nyeupe. Fundi kanifungia ndani ya kitambaa chekundu, kisha akauliza habari za tembo wangu. Nimemwambia anasafiri vizuri.

Treni ya usiku.

Siku ya 11: Delhi

Nimefika wodini saa kumi na mbili na robo. Mjomba yuko macho, kaegemea mto, ndevu zimekuwa nyeupe zaidi au ni mwanga tu. Shikamoo, marahaba. Mkaza mjomba kalala kwenye kiti, mtandio usoni.

Nimemwekea kwanza simu sikioni. Bhairav. Alifumba macho, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shuka, na mara akafumbua: "Hijazkari! Wameiba lini?" Kisha Todi. Hiyo hakusema neno mpaka mwisho. Nikamweleza ya swala na washairi. Akasema, "Basi nimemwuliza mtu asiyejua miaka thelathini," wala hakuonekana kuudhika.

Nikafungua kitambaa chekundu. Akaishika ile picha mkononi, kama inavyotakiwa, akaisogeza kwenye uso. Nikamwonyesha kitanda, mwanamke aliyelala, upinde, mshale, paa. Nikamweleza kwamba yule bwana anataka kumwua jogoo ili usiku wake usiishe.

Mjomba akamtafuta jogoo kwa kidole, akamwona. Akaanza kucheka, akashika ubavu wa kidonda, akacheka tena kwa kujizuia.

"Mwambie ateremshe huo upinde," kasema. "Wenzake tumekesha tunamngoja huyo."